Mizabibu Iliyolazwa Makote

Tangu nirudi, kila anayekuja kuazima mkasi wa kupogolea au kuleta mchango wa kanisa hunikalisha chini na kuniuliza kilichonipata Newala. Nimekwisha kusimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Jirani yangu mmoja anasema nilifukuzwa huko, mwingine anasema nilikula panya. La pili lina ukweli kidogo. Basi naandika yote mara moja, msome wenyewe, mniache nipumzike. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa kwa wanangu mtanisamehe, hazina utamu.

Nilikwenda kumrudisha mdogo wangu Yona. Wengi wenu mnamjua kwa jina tu. Aliondoka hapa Mpunguzi akiwa kijana, amepangiwa kufundisha Newala, akaoa huko, akastaafu huko, na sasa macho yake yamepungua nguvu. Ukoo tulishamtengenezea chumba nyuma ya nyumba ya baba, tukapiga na lipu. Mwenyewe aliahidi kwa simu, na mashahidi wapo kwa sababu niliweka spika: mizabibu aliyoipanda kule isipozaa mwaka huu, atafunga mizigo arudi. Mizabibu hiyo asili yake ni hapa hapa, vijiti vya shamba la baba, nilimtumia mwenyewe kwa basi miaka michache nyuma.

Kwa hiyo mnajua nilichokuwa nakiombea. Mimi niliyekula zabibu maisha yangu yote, nilisafiri nchi nzima nikiomba mizabibu isizae.

DODOMA HADI MASASI

Nilibeba begi la nguo, mkasi wangu nikiwa nimeuviringisha kwenye kitenge, na chupa mbili za divai ya nyumbani, ile nyekundu tunayokamua wenyewe. Mpaka Dar es Salaam sina la kusimulia, nililala. Tulipovuka Rufiji ndipo joto likaanza kunichosha, maana si joto letu. Kwetu jua linakuchoma na upepo unakufuta. Kule jua linakukalia.

Karibu na Nangurukuru tairi likapasuka, na la akiba likaonekana nalo lina ugonjwa wake. Tulikaa kando ya barabara tukila mihogo ya kuchoma huku basi limesimama juani na mizigo yote ndani. Divai yetu ina sukari nyingi, na sukari iliyobaki ikipata joto huamka tena. Tuliporudi ndani tulikuta basi zima linanukia kama madhabahu. Chupa moja ilikuwa imetema kizibo na kumwaga kila kitu kwenye kiroba cha unga cha mama aliyeketi nyuma yangu.

"Mama," aliniambia taratibu, akiangalia ule wekundu, "unga wangu umelewa."

Nilimlipa fidia, naye akacheka. Utingo hakucheka. Alipita na kitambaa akiuliza kwa sauti ni nani mwenye baa, mimi nikaangalia nje dirishani kama mtu anayehesabu minazi.

MASASI

Masasi ni mji uliojipenyeza katikati ya majabali, na mtu wa Dodoma akiyaona majabali hujisikia nyumbani. Nilitegemea kupita tu. Lakini gari la kupanda Newala lilikuwa limeharibika gia, na dereva akatuambia tusubiri kidogo. Hiyo kidogo yake ilikula mchana wote, ikala na usiku, nikalala nyumba ya wageni.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Anjela, mke wa katekista wa Chiwata, anayekwenda Newala kumtazama binti yake aliyejifungua. Tulikaa benchi moja tangu asubuhi, na kabla ya chai alikuwa ameshanijua mpaka ukoo.

"Unakwenda kufuata nini huko, mama?"

"Nakwenda kuangalia zabibu."

"Mabibo bado, mama yangu. Nkorosho ndiyo kwanza uko kwenye maua. Ungekuja mwezi wa kumi."

"Si mabibo. Zabibu."

"Si ndiyo hayo hayo? Nyie wa bara mnayaita zabibu."

Nilimweleza zabibu ni nini. Akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama nayo ina korosho chini yake. Nikaona bora tuagize chakula.

Mama lishe alitutajia maharage, kisamvu na samaki nchanga. Nikasema mimi niletewe samaki, nimechoka na mboga za njiani. Alipoweka sahani, nilimtazama yule samaki, naye akanitazama. Nimeona samaki wa bwawa la Hombolo na nimeona wa baharini, lakini sikuwahi kuona samaki mwenye meno ya mbele na mkia mrefu namna ile. Mama Anjela alicheka mpaka akajifuta kwa kanga.

"Samaki wa nchangani huyo! Panya wa shamba, mama. Hali taka huyo, anakula muhogo wetu tu."

Mimi nina ubishi, mnanijua. Sikutaka nionekane mgeni wa kubembelezwa. Nilikula mguu mmoja na nilimaliza, na sitaongeza neno.

Baada ya kula nilimwambia Mama Anjela kile nilichokwenda kufanya hasa.

"Hiyo mizabibu ameipanda shamba la nani?"

"La mkewe."

"La ukoo wa mkewe," akanirekebisha. "Huku kwetu shamba linakwenda kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Nanume anakuja kukaa kwa mke, analima, lakini shamba si lake. Palikuwa na nini hapo kabla?"

"Mikorosho. Aling'oa mitatu."

Akaweka kikombe chini. "Mikorosho hai?"

"Nadhani."

"Basi ndugu yako anapendwa," alisema. "Mwingine angekuwa amesharudi kwenu zamani."

Sikulipenda neno hilo.

KUPANDA NEWALA

Gari lilipona kesho yake. Tulipoanza kupanda mlima, barabara ilijizungusha, masikio yakaziba, na hewa ikabadilika ghafla. Abiria walianza kuvaa masweta. Juu kabisa ukungu ulikuwa umetanda juu ya mikorosho, na maua yake yananukia mpaka ndani ya gari.

Hapo nilianza kupiga hesabu zangu za ukulima. Yona mwenyewe aliwahi kunifundisha, akiwa bado mwalimu wa jiografia, kwamba Dodoma iko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko Newala. Kwa hiyo baridi ya Newala si ya urefu wa mlima peke yake. Ni ya ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma na mawingu yanayokawia kuondoka, jua linakuja kuufikia mti likiwa limechelewa kazini. Na mzabibu unaishi kwa jua. Jua kali huivisha zabibu haraka, sukari hupanda, uchachu hukimbia, na divai yake inakuwa nzito na yenye nguvu kama yetu. Penye ubaridi zabibu huiva polepole, hubaki na uchachu wake, na sukari haifiki mbali. Wenzetu wa nchi za baridi wana aina zao zilizoizoea hali hiyo, nyingi nyeupe, zinazonukia vizuri hata zikiwa hazina sukari nyingi. Lakini vijiti vya baba ni vya aina yetu nyekundu, mtoto wa jua. Ukimpeleka kwenye ukungu ni sawa na kumpeleka mtu wa Mpunguzi akaoge maji ya asubuhi mwezi wa saba.

Tena huko juu kuna ubwiriunga. Mama Anjela alinionyesha maua ya mkorosho yaliyopakwa unga mweupe kama yamepita kinuni. Ugonjwa huo unapenda ubaridi na unyevunyevu, na mzabibu nao una wa kwake wa aina hiyo.

"Unafurahi nini?" aliniuliza.

Kumbe nilikuwa natabasamu.

MAKOTE

Yona alinipokea barabarani Makote, kijiji anachokaa nje ya mji wa Newala, akiwa ameshika fimbo. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Nililia. Yeye akacheka, na kicheko chenyewe sikukijua. Kwetu wanaume wanacheka kifuani. Yeye alicheka kwa kelele na makofi, kama watu niliowaacha stendi ya Newala. Njiani kila tuliyepishana naye alimwamkia, naye akajibu kwa Chimakonde bila kufikiri. Mimi dada yake nilitembea pembeni kama mzigo wake.

Mkewe, Mama Tekla, alikuwa ndiyo anarudi na ndoo ya maji kichwani. Aliitua, akapiga goti. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu nnyumbani." Alitabasamu, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye begi langu, akalipima. Mwanamke akipima begi la mgeni anataka kujua amekuja kukaa au kuchukua.

Tulikula ugali wa muhogo, kunde, na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayomenywa kwa meno. Nilipomaliza kunawa nikasema haya, nionyesheni mizabibu. Wakatazamana.

"Imelala," alisema Mama Tekla.

Nikaenda nao nyuma ya nyumba. Nguzo zilisimama na waya zake, na juu ya waya hapakuwa na kitu. Chini palikuwa na matuta marefu ya majani makavu. Yona alifunua kidogo kwa fimbo, nikaona mizabibu imelazwa ardhini, imenyooshwa mmoja mmoja, imefunikwa vizuri kama wagonjwa wodini.

"Nani kafanya hivi?"

"Si wewe, dada?" alisema Yona.

Hebu nieleze. Sisi wa Mpunguzi tunasema kuulaza mzabibu. Maana yake tunaukatia maji upumzike, majani yakauke, kabla hatujaupogoa. Sisi hatuna msimu wa baridi wa kuulaza wenyewe kama nchi za watu, ndiyo maana tunaulaza kwa kiu na kuuamsha kwa mkasi. Mwaka jana, Yona akiwa hospitali kwa ajili ya macho, nilipiga simu akapokea Mama Tekla. Nikamwambia, wifi, ilazeni mizabibu. Naye, mke mwenye adabu aliyeagizwa na wifi mkubwa, aliita vijana wa ukoo, akaifungua kwenye waya, akailaza chini kama wanavyolaza vijiti vya muhogo tutani, akaifunika majani isipate baridi.

"Na wewe uliporudi hukushangaa?" nilimuuliza Yona.

"Nilishangaa. Lakini nikasema huo ni utaalamu mpya wa Dodoma. Nani aubishie?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa kwenye tuta. Mama Tekla hakucheka. Alisimama na mikono kifuani, macho yamejaa machozi. "Nimeiua, wifi?" aliuliza.

Hapo kicheko kikaniisha, kwa sababu moyoni nilisema, nadhani ndiyo, na tena asante.

Mzabibu mmoja tu haukulazwa. Ulikuwa umepanda paa la jiko na haukufunguka, wakauacha. Huo ukapata moshi na joto la ukuta, na kila asubuhi Mama Tekla akaupulizia salfa ile ile wanayopulizia mikorosho. Ulikuwa umezaa vishada vichache. Yona alikamua vingine, akaacha kimoja ili nikione.

Nilikula punje moja nikakunja uso. Chachu. Nikala ya pili kwa sababu ya harufu, maana ganda ni la zabibu zetu kabisa, rangi ni yake, lakini harufu ile sijawahi kuikuta kwenye shamba la baba. Kwetu jua huichoma kabla hujaijua. Yona akaleta divai yake kwenye chupa ndogo ya dawa iliyooshwa. Nyepesi, nyekundu ya kupauka, inachoma pembeni mwa ulimi kama maji ya ukwaju, halafu inaacha mdomo msafi. Nikamimina na yetu, ile chupa iliyopona.

Alionja yetu, akaiweka chini.

"Vipi?"

"Tamu," alisema. "Tamu mno, dada. Siwezi kumaliza."

Iliniuma kuliko angenitukana. Ilikuwa divai ya baba yake.

JUMAPILI

Baada ya ibada ukoo wa Mama Tekla ulikusanyika nyuma ya nyumba. Mjomba wao anaitwa Mzee Silvano, mtu mfupi mwenye koti la mistari, na miche ya mikorosho ilikuwa tayari kwenye vifuko vyeusi, imepangwa kando ya matuta kama watoto wanaongoja kuingia darasani.

"Nkwe wangu," alimwambia Yona, "tumekuvumilia. Tumekupa shamba la mikorosho yetu mitatu. Mwaka wa kwanza hakuna, wa pili hakuna, wa tatu imelala." Watu wakacheka. "Mvua zinakaribia. Tupande." Kisha akanigeukia. "Lakini Mungu ametuletea nwenyewe. Mama, wewe ndiye unayejua. Itazaa, au haitazaa? Sema wewe, tumalize."

Neno moja tu, na Yona angekuwa chumbani kwake Mpunguzi kabla ya mvua. Hata uongo haukuhitajika sana. Ningesema tu sidhani. Mama Tekla aliniangalia, na nikaona alishajua tangu jana nilikuja kufanya nini. Hakuniomba. Alitazama tu chini.

Niliona aibu kusema bila kugusa. Nikainama kwenye tuta la karibu, nikaondoa majani, nikaushika mzabibu niunyanyue niwaonyeshe ulivyooza. Haukunyanyuka. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikaufukua kwa vidole. Kila kifundo kilichogusa udongo kilikuwa kimetoa mizizi, myeupe, minene, imeshika ardhi hatua kwa hatua. Mzabibu mmoja ulikuwa umekuwa minne. Nikaenda tuta la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

Yona alisogea na fimbo yake, akapiga magoti, akapapasa mizizi kwa sababu hakuiona vizuri. Akakaa nayo mkononi.

"Dada," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Mimi pia mlinilaza huku."

Nilimpenda sana mdogo wangu pale, na nilikasirika naye sana, vyote viwili kwa pamoja.

"Itazaa," nilisema. "Tena si ile tuliyowaletea. Itazaa zaidi. Lakini lazima ikatwe."

Nilitoa mkasi. Mama Tekla akashika mkono wangu. "Umesema itazaa, wifi. Sasa unaikata?" Na nyuma yake watu walianza kunung'unika, kwa sababu huku mti hai haukatwi mbele ya wenyewe, na aliyekata mkorosho wa mtu anaweza kuitwa hata baraza la kijiji. Nikamwambia aje akate yeye, nimwelekeze. Tulipogoa pamoja, kila tawi kuacha macho mawili ya kuchipua, na tulipofika kwenye mizabibu ile ya karibu na jiko, anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, majeraha yakaanza kutoa maji, tone baada ya tone.

"Inalia," alisema kwa hofu.

"Inalia kwa kuwa iko hai. Iliyokufa hailii."

Mzee Silvano alitazama matone, akatazama miche yake. "Hii ya kwetu," alisema hatimaye, "tutaipanda kule ng'ambo." Akamwonyesha Yona kwa kidole. "Na huyu nanume hang'oki huyu. Tumeshindwa."

KUSHUKA

Sikumwuliza Yona kama anarudi nami. Asubuhi ya safari Mama Tekla alinifungia ming'oko na korosho za kukaanga, akanipa na kile kishada nilichokiacha, amekifunga kwenye jani la mgomba. Barabarani, Yona alinishika kichwa kwa mikono miwili kama mama alivyokuwa akifanya, nikajikaza. Alisema chumba kile kule nyumbani kisikae bure, nimpe mjukuu. Nikasema sawa.

Zabibu nilizila zote kabla ya kufika chini ya mlima. Ilikuwa tamaa, sikuwaachieni hata punje, mnisamehe. Kufikia ya mwisho mdomo ulikuwa umeshazoea uchachu.

Masasi nilipanda basi la Dar es Salaam, na kama mnavyojua nilikuwa nimetoka na nia ya watu wawili, kwa hiyo kiti cha pembeni yangu kilikuwa kimelipiwa na kiko wazi. Tulipokaribia kuondoka utingo akaja na mama mmoja mwenye kikapu.

"Mama, hapa pana mtu?"

"Palikuwa pawe na mdogo wangu."

"Yuko wapi? Tunaondoka."

Nilifungua mdomo kusema amebaki Newala, amebaki kwa mkewe, amebaki ukweni, kama tulivyozoea kusema kwetu miaka yote hii.

"Amebaki kwao," nikasema, na nikasogea mama akae.